Baiskeli ya Tambarare Mlimani

Jana nilikaa hapa kibarazani nikiwatazama mnavyoteremka kutoka shule, na nywele zilinisimama. Hakuna hata mmoja mwenye breki! Mnasimama kwa kuburuza viatu chini, viatu ambavyo mama zenu wamevitolea jasho. Nikamwita mmoja wenu, nikamwuliza breki zimekwenda wapi. Akanijibu bila hata kupepesa jicho, "Babu, tumezitoa. Zinaharibu sura." Chai ilinipalia. Mjukuu wangu akaja mbio kunipiga mgongoni akidhani nakata roho.

Zinaharibu sura! Haya. Mimi nimekuwa fundi baiskeli tangu sijaota ndevu. Nilianzia Kihesa pale Iringa, nikahamia Chimala, na nimeacha juzi tu baada ya vidole kukataa kushika spana ndogo. Mambo mengine ya dunia siyajui sana, hata hizo simu zenu zinanishinda. Lakini baiskeli msinifundishe, na leo mtakaa mnisikilize. Asiyetaka na aende, ila aende kwa miguu.

Miaka ya sabini baiskeli ya mtu wa kawaida ilikuwa moja tu: nyeusi, nzito, haina gia, breki zake ni zile za fimbo za chuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini, na hata hiyo uliisubiri mpaka ije dukani, na ikija unaichukua ilivyo. Haikutengenezwa kwa ajili ya milima yetu. Aliyeibuni aliishi mahali pa tambarare, nina hakika kabisa, maana mtu aliyewahi kusukuma gunia la viazi kupanda mlima hawezi kubuni kitu kama kile. Kwa hiyo kununua ulikuwa mwanzo. Baiskeli ya dukani haijawa baiskeli bado, ni vyuma vilivyokutana.

Kitu cha kwanza ni kuifungua yote. Ndiyo, mpya, na rangi yake inang'aa, unaifungua. Ndani ya ekseli utakuta golori kavu, kwa sababu aliyeipaka grisi huko kiwandani aliionea huruma grisi yake. Unazisafisha kwa mafuta ya taa, unazijaza grisi mpaka inatoka pembeni. Halafu spoku: unazigonga kwa spana moja baada ya nyingine na kusikiliza. Inayolia kwa sauti nyembamba imekaza, inayolia nzito imelala, iamshe. Madigadi ya mbele unaitoa na kuiweka nyumbani, maana udongo wetu mwekundu ukilowa unajaa humo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na raba za breki zilizokuja nayo mpe mtoto achezee. Unachukua tairi la gari lililokufa, unakata ubavu wake, unachonga raba zako mwenyewe kwa kisu ulicholowesha maji. Kisu kikavu hakikati raba, kinakata kidole.

Mnashangaa? Subirini, bado hamjashangaa.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Kadinda wa Kihesa, mtu mfupi, mkali, mpenda ugoro kupita kiasi. Mzee huyo alikuwa na utaratibu wake ambao ulinishtua siku ya kwanza na haukuacha kunishtua mpaka siku anaingia kaburini. Ukimaliza kutengeneza breki za mteja, yeye hakuzikagua. Alipanda kwenye keria, akakaa kinyumenyume, mgongo wake umeegemea wako, akatoa kopo lake la ugoro na kusema, "Haya, twende Ipogolo." Wanaoijua Iringa wanaujua mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo. Mimi mara ya kwanza nilimgeukia.

"Mzee, hukagui kwanza?"

"Nikague nini? Kazi ni yako. Shingo ni zetu wote wawili."

Mwanafunzi mwenzangu, Festo, aliwahi kusahau kukaza nati ya fimbo ya nyuma. Katikati ya mteremko fimbo ikaachia, ikawa inagonga spoku, kra-kra-kra, na wote wawili wakaishia kwenye matuta ya viazi ya mama mmoja. Mzee Kadinda alisimama, ugoro umemwagika wote usoni mwake, akapiga chafya mpaka yule mama akatoka ndani na mwiko mkononi. Sisi tuliokuwa tukitazama tulijua Festo amefukuzwa. Mzee akafuta macho kwa kilemba cha yule mama bila kumwomba, akampa Festo spana. "Kaza. Tunarudia." Wakapanda mlima wakisukuma, wakateremka tena, yuleyule mzee kwenye keria ileile! Nilishika kichwa. Lakini Festo hakusahau nati tena maisha yake yote.

Basi nilipojitegemea nikaenda Chimala. Chimala imekaa mguuni mwa mlima. Upande huu ni tambarare ya Usangu, mpunga na ng'ombe mpaka macho yanachoka. Upande ule ni ukuta wa mlima, na juu yake Matamba, baridi, ukungu na viazi. Barabara ya kupanda huko ina kona hamsini na kitu, wala siwadanganyi, nendeni mkaone. Nilijenga kibanda changu pale mlima unapoishia, karibu na sokoni na mashine ya kukoboa mpunga, nikijua kwamba kila kitakachoharibika mlimani kitaanguka mbele yangu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo jambo lenyewe. Watu wa juu walishusha viazi na mbao kwa baiskeli zilezile za bei ya chini. Na breki za fimbo, hata ungezichonga vipi, peke yake hazitoshi mlima ule ukiwa na mzigo. Ukizishika mfululizo rimu inapata moto mpaka solusheni ya viraka inayeyuka, tyubu inatoa upepo, na wewe unakwenda zako bondeni. Kwa hiyo walikuwa na breki ya pili, ya bure. Kabla ya kuanza kushuka mtu anakata gogo bichi la urefu wake mwenyewe, lenye matawi mkiani. Analifunga nyuma ya keria kwa kamba fupi ya katani, na gogo linaburuzwa chini njia nzima, matawi yake yakiparua barabara. Hilo ndilo linalomshika asikimbie. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka. Nilipojaribu kushuka bila hilo, kona mbili tu, niliacha kucheka.

Na walikuwa na desturi yao nzuri. Kwenye kona ya mwisho, ndani ya miti, pale mlima unapopoa kidogo, walisimama wakalifungua lile gogo, wakalipakia juu ya mzigo na kutokea nalo sokoni. Huko walikuwepo akina mama wanaopika wali na maandazi, nao walihitaji kuni. Gogo walipewa wao, bure. Walipiga vigelegele na kumpa mtu andazi lake la moto. Wali wa Chimala wa miaka ile uliiva kwa breki, nawaambia.

Asubuhi moja akaja Shija. Familia yao ilikuwa imehama na ng'ombe wao kutoka Usukumani, kaskazini kabisa huko, wakafanya makazi Usangu. Kijana mrefu, mcheshi, rika langu. Kabla sijamwona yeye niliona baiskeli yake, na spana ilinidondoka mkononi. Vioo vinne kwenye usukani! Maua ya plastiki. Nyuzi nyekundu zinaning'inia kwenye mikono, kiti kimevishwa kitambaa, kengele mbili, redio imefungwa kwa mpira mbele. Chini ya mapambo yote hayo ni ileile nyeusi ya bei ya chini, haina fimbo, haina raba, haina chochote cha kuisimamisha.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka. Breki ziko wapi?"

"Breki za nini? Kwetu ukitaka kusimama unaacha kukanyaga."

"Na ng'ombe akikatiza mbele?"

"Nampigia kengele."

"Asiposikia?"

"Ndiyo maana ziko mbili."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Na msilaumu, kwa tambarare ile alikuwa na haki yake. Unaweza kukanyaga kutwa nzima huko usikutane na mteremko wa kumwaga ndoo ya maji. Akanitania, kwa ule utani kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa, "Halafu wewe Mhehe, mbwa wangu nimemfunga pale kwenye nguzo. Nikigeuka nimkute." Nikamjibu kwamba mbwa yuko salama, mwenye hatari ni yeye, maana baiskeli ile ilifaa kuchezewa ngoma tu. Tukacheka, tukawa marafiki hapohapo.

Nikamwuliza anataka nini. Sura ikabadilika, akavuta kigoda karibu.

"Fundi, nataka kwenda Matamba."

"Kwa hii?"

"Kwa hii. Na kushuka na mtu."

Kulikuwa na binti wa juu, anaitwa Yusta, aliyekuwa akishuka na shangazi yake kuuza maharage sokoni. Walionana hapo, wakapendana. Shija akapeleka washenga kama inavyotakiwa, na baba yake Yusta, Mzee Yoramu, mzee wa kanisa, akawasikiliza vizuri, akawapa chakula, akatoa jibu. Alisema binti yake haendi kuishi mahali ambapo yeye baba mwenyewe hajapaona. Hajui tambarare, hajui hao watu wa ng'ombe wanalala wapi, wanakunywa maji gani. Muoaji aje mwenyewe, amchukue, ampeleke akaone nyumba. Zamani mzee alikuwa akishuka kwa miguu kwa njia za mkato za msituni, lakini magoti yalikuwa yamechoka. Basi achukuliwe kwa hiyo baiskeli inayosifiwa sokoni.

"Kuna mwalimu wa hukohuko naye amemposa," Shija akasema. "Mzee huyu ana neno moja tu. Nikimfikisha akapaona, akaridhika, Yusta ni wangu. Nikishindwa, basi. Sitapata mwingine kama yule, fundi, nakuambia ukweli, nitaumwa."

Mtu akikuambia hivyo machoni, unaacha kazi nyingine. Nilikwenda Mbeya mjini kwa lori la mchele kutafuta friwili yenye meno mengi zaidi, maana friwili ndogo ya tambarare inavunja magoti ya mtu mlimani. Vipuri miaka ile vilikuwa adimu kama nini, nilizunguka mtaa kwa mtaa. Keria yake ilikuwa ya bati jembamba, nikachomelewa nyingine ya nondo kwenye karakana hukohuko Mbeya, yenye mahali pa kuweka miguu na pa kushika. Spoku za nyuma nikaweka nene. Madigadi ya mbele nikaitoa, akalalamika. Vioo nikataka kuvitoa, akakataa kabisa, akasema Yusta anavipenda. Nikaviacha. Breki nikamtengenezea mbele na nyuma, raba za tairi la lori, nikazichonga siku nzima. Kisha nikapanda kwenye keria kinyumenyume, nikamwambia, "Haya, twende." Tukapanda mpaka kona za chini za mlima, tukateremka. Akabana, ikasimama palepale. Akabana tena, ikasimama. Shija alishangaa sana, akasema kumbe baiskeli inatii.

Nikamfundisha kutobana mfululizo: bana, achia, bana, achia, rimu ipumue. Akaitikia. Kuhusu gogo hatukusema lolote, si mimi, si mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyedhani yupo binadamu asiyejua gogo ni la nini. Ni kama kumwambia mtu avue viatu kabla ya kulala.

Lakini mnakumbuka magogo yalifunguliwa wapi? Ndani ya miti, kwenye kona ya mwisho. Shija alikuwa ameshinda kibandani kwangu siku kadhaa akisubiri baiskeli yake, na alichokiona kwa macho yake ni watu wa juu wanatokea mitini, gogo limepakiwa vizuri juu ya mzigo, wanampa mama wa wali, mama anapiga vigelegele. Akaelewa alivyoelewa. Akasema moyoni, hawa watu wana adabu, mtu hashuki mlimani mikono mitupu, lazima awaletee akina mama kuni. Naye alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Huo ndio ulikuwa msiba wetu, adabu!

Akapanda alasiri, wachuuzi wote wakiwa wameshashuka. Akalala huko kwa wakwe. Asubuhi ya kuondoka akamwuliza kaka yake Yusta kama ni lazima ashuke na gogo. Kaka mtu akamwambia lazima, tena lisiwe dogo, akaenda zake shambani. Basi Shija akatafuta gogo zuri lililonyooka, na kwa kuwa ni zawadi akalikata matawi yote, akalimenya magome, likawa safi, jeupe. Sikieni jamani, alilimenya! Kisha akampandisha Mzee Yoramu kwenye keria, mzee amevaa koti lake la kanisani, akamwomba kwa heshima alishike. Na mzee, ambaye maisha yake yote alishuka kwa njia za msituni na magogo ameyaona sokoni tu, alifurahi. Alidhani kijana anawapelekea kuni akina mama wa huko chini. Alilipakata.

Wakaondoka asubuhi na mapema, kabla ya wachuuzi wengine. Hawakukutana na mtu wa kuwaambia.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye karai la maji, naikamua tyubu ya mtu kutafuta panapotoa povu. Nikasikia kengele. Kengele mbili kwa pamoja, hazinyamazi, tena kwa mbali, juu ya miti. Mama Tabu, mmoja wa wale wapika wali, akasema, "Huyo Msukuma wako anarudi na mkwe, anatupigia ngoma!" Tukainua macho. Vioo vinne vikatoka mitini vikimulika jua, na nyuma ya vioo Shija, mdomo wazi, na nyuma ya Shija mzee wa watu, kofia haipo, koti limejaa upepo, amelikumbatia gogo jeupe kifuani.

Breki aliipakata, jamani! Ile breki ya kuwaokoa, mzee alikuwa ameipakata kama mjukuu!

Sikuamini. Nilisimama na tyubu mkononi, maji yananichuruzika miguuni. Niliona kitu kingine tena: mguu wa kulia wa Shija haukuwa kwenye pedeli. Alikuwa ameupeleka mbele, amekandamiza unyayo juu ya tairi, na pale unyayo ulipogusa tairi palikuwa panatoka moshi.

Baadaye waliniambia jinsi ilivyokuwa huko juu, na mpaka leo sielewi watu wawili wanawezaje. Kona za mwanzo breki zilishika. Bana, achia, kama nilivyomfundisha. Kisha mzigo ukazidi, akawa anabana haachii, raba zikalika, kona baada ya kona, mpaka chuma kikagusa chuma. Hizo raba za lori zilifika mbali kuliko nilivyodhani raba inaweza kufika. Zilipokwisha, zilibaki kona chache za chini. Ndipo akaweka mguu. Na muda wote huo hawakusemezana! Mzee Yoramu alidhani ndivyo baiskeli za tambarare zinavyokwenda, na kupiga kelele mbele ya muoaji wa binti yake ni aibu, kwa hiyo akafumba macho na kusali kimya. Shija naye aliona si adabu kumwambia mkwe kwamba watakufa. Unaanzaje? "Shikamoo baba, breki hakuna"? Akanyamaza, akapiga kengele.

Kutoka mitini mpaka sokoni njia imenyooka. Mbele yao akina mama, masufuria, watoto, magunia ya mchele. Mama Tabu akapiga yowe, "Pisheni!" Na Shija, aliyesema breki ni za nini, akafanya kitu ambacho hata Mzee Kadinda asingekifanya. Aliiacha njia makusudi, akakata kushoto, akaielekeza baiskeli kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye lile lundo la pumba lililokuwa refu kuliko nyumba. Wakaingia humo wazimawazima. Pumba zikaruka, zikajaa hewani, soko zima likawa la njano. Gurudumu la nyuma lilibaki nje likizunguka peke yake.



Tulikimbia wote. Tukaanza kufukua kwa mikono. Nilikuwa nalia, sijui nilianza saa ngapi. Aliyetokea kwanza ni mzee, ametokea mwenyewe, anatembea, pumba zimemjaa masikioni na kwenye ndevu, na gogo bado liko mikononi. Akaangaza macho mpaka akamwona Mama Tabu. Akamwendea, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "pokeeni zawadi yenu. Mwanangu amewaletea."

Mama Tabu hakupiga vigelegele. Alilitazama lile gogo jeupe lililomenywa, akashika mdomo. "Baba," akasema, "hili si zawadi. Hii ndiyo breki. Hili hufungwa nyuma, likaburuzwa chini, likakushika. Mmelibeba?"

Mzee alisimama. Akalitazama gogo, akageuka akautazama mlima, kona kwa kona mpaka juu kwenye ukungu. Uso wake ulipauka, nikadhani anaanguka. Nikamshika mkono, akautoa mkono wangu taratibu, akarudi kwenye pumba.

Tulikuwa tumemtoa Shija tukamkalisha. Mzima, mikono mizima, kichwa kizima. Lakini mguu wa kulia, wanangu, siwezi kuwaeleza vizuri. Alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya tairi visivyoisha. Katambuga ile iliisha. Ililiwa yote na tairi la mbele, ikabaki kamba inaning'inia kwenye kifundo, na baada ya katambuga ikafuata ngozi. Alichechemea maisha yake yote baada ya siku ile. Lakini wakati ule hakuutazama hata huo mguu. Alikuwa akimtazama mzee anayekuja, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Baba," akaanza, "nisamehe. Sikujua."

"Gogo hukujua, na mimi sikujua," mzee akasema. "Nakuuliza kingine. Ulijua lini breki zimekwisha?"

"Kwenye kona ya daraja, baba."

"Kona ya daraja! Pale tulikuwa tunakwenda polepole bado. Pana majani laini pembeni. Wewe uko mbele, una miguu mizuri, ungeweza kuruka."

"Ndiyo, baba."

"Mimi na magoti haya nisingeweza."

"Ndiyo, baba."

"Sasa mbona hukuruka?"

Shija alimtazama kama vile swali lenyewe limemshinda. Watu wote walikuwa wameinama kumsikiliza. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Ningemwambia nini Yusta?"

Mzee Yoramu akavua koti lake la kanisani, akavua na shati, akabaki kifua wazi mbele ya soko, mzee mzima yule. Akalipasua shati kwa meno. Kisha akapiga magoti kwenye pumba, hayo magoti yake mabovu, mbele ya kijana ambaye bado hajampa binti, akauweka mguu ule mapajani mwake na kuanza kuufunga. Mama Tabu alitaka kumpokea kazi hiyo, akamkatalia.

Nilipoona amekaribia kumaliza nikajitia ujasiri. Nikamwambia, "Mzee, nitaitengeneza baiskeli. Au tutafute gari la mchele, ufike Usangu ukaione nyumba yake kama mlivyopatana."

"Sina haja ya kwenda tena," akasema, bila kuinua kichwa. "Nyumba atakayokaa binti yangu nimeshaiona."

Akakaza fundo la mwisho. Halafu mzee yule, aliyekaa kimya kona zote zile asimwaibishe mkwewe, akaweka paji lake la uso juu ya goti la Shija na kulia kwa sauti mbele ya soko zima.